Mtu Hamwagwi

Prisca wa Nyandira hakuwahi kuogopa mzigo. Kwetu Mgeta mashamba yamening'inia mlimani, barabara iko chini, na kati ya hivyo viwili hakuna kinachoshusha kabichi ila shingo ya mtu. Alianza na karoti za mama yake angali mtoto mdogo, zikafuata njegere na viazi, na siku za gulio hata mbuzi aliyegoma kutembea. Mumewe alipohamia Dumila kulima vitunguu, akaota mizizi huko kwa mwanamke mwingine, Prisca hakumfuata. Alisema aliyeondoka kwa miguu yake anaijua njia ya kurudi. Kwa sisi Waluguru ardhi huja kwa upande wa mama, kwa hiyo hakuna aliyemgusa kwenye matuta yake. Akaendelea kulima, akampeleka binti yake bweni Morogoro mjini, na watu tukamjua kama mwanamke mpana wa mabega, mwenye maneno machache, anayecheka bila kutoa sauti.

Mimi ni jirani yake. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe tukimenya njegere barazani kwake. Kila alipofika kwenye habari ya mfuko wa mgeni mmoja, mikono yake ilikuwa inaacha kumenya.

Kiangazi kinapoingia na njia za mlimani zikakauka, hupita wageni wanaotaka kupanda hadi Lukwangule, ule uwanda wa nyasi ulioko juu kabisa, ukishaumaliza msitu. Anayewaleta mara nyingi ni Abeid, kijana wa Morogoro mjini anayeongoza watalii. Abeid ni Mzaramo, na Wazaramo ni watani wetu, kwa hiyo yeye na Prisca hawakuwahi kuzungumza dakika mbili bila kutupiana maneno. Abeid alipenda kumchukua Prisca kuwa mbebaji kwa sababu hakulalamika, na kwa sababu aliyajua maji yalipo.

Mwaka juzi Abeid alifika na mgeni mmoja tu, mzee wa Kiholanzi aitwaye Willem. Alikuwa mrefu, mwembamba, ana ndevu nyeupe na magoti yaliyofungwa bandeji za mpira. Kwao alikuwa dereva wa basi hadi alipostaafu. Mzigo wake haukuwa mkubwa: hema, nguo, chakula, na mfuko mdogo wa turubai wa rangi ya bluu ambao ulikuwa unawekwa juu ya vingine vyote. Abeid alimwambia Prisca asiuweke mfuko ule chini ovyo, kwa kuwa mzee anauthamini sana. Prisca akadhani ni dawa, au kamera. Aliufunga kwa khanga yake juu ya furushi, akajitwisha, wakaanza kupanda.

Njiani mzee alikuwa msemaji. Abeid alitafsiri, na Prisca, aliyekuwa mbele, alisikiliza huku akitazama alipokanyaga. Willem alieleza kuwa nchi yao ni tambarare kama sakafu, mtu unaweza kuishi na kufa bila kupanda kilima, na ndiyo maana yeye na mkewe Anneke walikuwa wakienda kutembea kwenye milima ya watu wengine. Waliwahi kuvuka Uhispania nzima kwa miguu, zaidi ya mwezi, kufuata njia ya mahujaji hadi kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo. Hilo Prisca alilielewa mara moja, kwa kuwa hata Parokia yetu huenda hija Pugu, ingawa kwa basi. Lakini mzee akaendelea. Waliuzunguka mlima wa theluji kule Nepali, wakipita vijiji ambako hakuna gari lililowahi kufika. Waliitembea New Zealand kutoka ncha ya kaskazini hadi ncha ya kusini, miezi na miezi. Akasema Marekani kuna njia inayofuata mgongo wa milima, ndefu kiasi kwamba wanaoianza miti ikichipua huimaliza majani yakipukutika, na watu wanaacha kazi zao kwenda kuitembea.

Prisca akasimama. Aliuliza mizigo hiyo yote walikuwa wanaipeleka wapi.

Abeid akatafsiri swali, mzee akafikiri, kisha akajibu kuwa hawakuipeleka popote. Ilikuwa nguo zao na chakula chao. Wakifika mwisho wa njia wanapanda ndege na kurudi nyumbani nayo.

Prisca alinieleza kuwa alibaki amesimama pale na furushi kichwani, akijaribu kuona jambo hilo kwa akili. Watu wenye nguvu zao, wenye mabasi, wenye barabara ya lami hadi mlangoni, wanajitwisha mizigo kwa miezi na hakuna soko mwisho wa njia, hakuna mgonjwa wa kumwona, hakuna msiba. Yeye tangu azaliwe hakuwahi kupanda mlima bila kuwa na kitu kinachomngoja huko juu. Alimtazama mzee kama unavyomtazama mtu aliyekwambia kuwa huwa hali. Akageuka, wakaendelea.

Waliingia msituni, penye miti yenye ndevu za kuvu na matope yasiyokauka hata kiangazi, wakapita mianzi, na jioni wakatokea juu uwandani. Lukwangule si kama huku chini. Nyasi zinafika magotini, vijito vinapita taratibu kana kwamba havijui vinaelekea kwenye maporomoko, na ukungu unakuja na kuondoka bila hodi. Baridi ya huko inaingia kwenye mifupa. Walipika, wakala, kila mtu akajiingiza kwenye hema lake. Prisca alikosa cha kuegemeza kichwa. Mfuko wa bluu alikuwa ameambiwa asiuweke chini ovyo, basi akauviringishia sweta lake, akauweka chini ya kichwa, akalala juu yake hadi kulipokucha.

Asubuhi anga lilikuwa safi. Mzee alikuja kuuchukua mfuko wake, akashukuru, akaenda nao taratibu hadi ukingoni, pale uwanda unapokatika na unaziona tambarare za mashariki zikiwa buluu kwa mbali. Prisca alikuwa anachemsha chai. Alimwona mzee akivua kofia, akipiga goti moja kwa shida, akatoa kopo la bati na kufungua mfuniko. Kisha akatumbukiza mkono, na mkono ulipotoka ulikuwa na majivu.

Kwetu tunanyunyizia kabichi majivu kufukuza wadudu. Prisca akamwambia Abeid kwa utani kwamba Wazaramo wamezidi, mpaka wanamruhusu mgeni abebeshe watu majivu kutoka Ulaya, kwani hapa majiko hayana? Abeid hakucheka. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake.

"Da Prisca," akasema. "Yule ni mke wake."

Prisca akageuka kutazama njia waliyokuja nayo. Alidhani kuna mama wa Kizungu amewafuata nyuma na sasa anatokea msituni. Alitazama mianzi, akatazama nyasi, hakuona mtu. Alipomgeukia Abeid tena aliona macho yake yako wapi, nayo yalikuwa kwenye kopo.

Aliniambia kuwa mwili ulimfa ganzi kuanzia shingoni kushuka chini. Alichokumbuka kwanza ni sweta. Kisha akakumbuka namna alivyougeuza mfuko usiku ili upande uliokuwa laini uje juu. Akainuka, akaenda kwenye kijito, akanawa mikono, akanawa uso, akafungua kilemba na kumwaga maji kichwani katika baridi ile, akanawa tena mikono. Abeid alimfuata, akawa anaeleza nyuma yake kwa haraka: kwamba alijua tangu mjini, kwamba wenzao huko huchoma maiti zao kwenye tanuru maalumu na si dhambi kwao, kwamba aliogopa kusema kwa sababu hakuna mbebaji ambaye angekubali. Akaomba radhi. Prisca alikuwa hasikii hata nusu.

Kisha akamwona mzee, ambaye alikuwa ameinuka na kunyoosha mkono wenye majivu kuelekea bondeni, akingoja upepo.

Prisca hajui alivukaje zile nyasi. Alichojua ni kwamba alikuwa amemshika mzee kifundo cha mkono, kwa nguvu, na mzee anamtazama kwa macho yaliyotoka. Majivu kidogo yalikuwa yamemwangukia Prisca kwenye vidole na hakuyafuta.

"Mwambie asimwage," akamwambia Abeid. "Mtu hamwagwi."

Mzee hakuvuta mkono. Akauliza kwa upole kosa lake ni lipi, na Prisca akaanza kwa lile lililokuwa jepesi kusema: kwamba mlima huu una wenyewe, kwamba maji yanayotoka hapa yananywewa hadi pwani, kwamba hata Mluguru hazikwi mahali bila ukoo kujua. Mzee alitikisa kichwa kukubali kila neno. Akasema ni wosia. Miaka ya nyuma walipita kwa basi barabara ya kwenda Mikumi, Anneke akaiona milima hii imevaa mawingu, akasema siku moja waje waitembee. Kabla ya hapo akaugua. Alipokuwa kitandani aliomba mwenyewe achomwe, na majivu yake yaachwe kwenye njia walizotembea pamoja na hii moja ambayo hawakuwahi.

Hapo ndipo Prisca alipouliza swali ambalo, kwa maneno ya Abeid, lilimbadilisha mzee rangi. Aliuliza mama huyo, yaani sehemu zake nyingine, ziko wapi sasa.

Mzee akahesabu: konzi moja baharini Uhispania. Nyingine kule Nepali, juu kabisa pale njia inapovuka milima, ikapeperuka. Nyingine New Zealand. Majivu yaliyobaki ndiyo haya.

"Kwa hiyo hana kaburi," Prisca akasema. Hakuwa anauliza. "Akitafutwa, yuko wapi?"

Abeid alitafsiri kwa sauti ndogo. Mzee alirudisha konzi ile ndani ya kopo, polepole, akijifuta kiganja kwenye ukingo wa bati ili kisibaki kitu, akafunga. Akakaa kwenye nyasi. Baadaye akasema maneno ambayo Abeid aliyarudia mara nyingi kwetu, hata mimi nimeyashika: "Nilidhani ninampeleka. Sikudhani ninampunguza."

Prisca angeweza kuishia hapo. Angejitwisha hema, akashuka, akaenda kuungama Parokiani kuwa amelala juu ya maiti. Lakini neno la wosia lilikuwa limemkaa vibaya. Kwetu wosia wa marehemu hauchezewi, awe Mluguru au Mholanzi. Mama yule aliomba mlima huu kwa kinywa chake. Ikiwa ilikuwa makosa kumwaga, ilikuwa makosa pia kumrudisha. Akamwambia mzee warudi kijijini, suala liende kwa mjomba wake Benedikto, ambaye ndiye mndewa, mkuu wa ukoo wao.

Wakashuka. Prisca alibeba vingine vyote lakini mfuko wa bluu hakuugusa. Mzee aliubeba kifuani mwenyewe. Msituni, kwenye mteremko wa matope, magoti yake yalimsaliti. Aliteleza, akaanguka ubavu, na mfuko ukamponyoka ukaanza kubiringika kuelekea korongoni. Prisca alitupa furushi, akajirusha na kuudaka kwa mikono yote miwili, akalala kifudifudi kwenye tope huku ameukumbatia. Alipoinuka hakumrudishia. Aliufunga kwa khanga mgongoni, kama mtoto, na hema la mzee akabebeshwa Abeid.

Jioni ile nilikuwa nje kwetu nilipowaona wanapita. Nilidhani Prisca ameokota mtoto.

Habari ilitangulia kabla hawajafika kwa mjomba. Benedikto ana duka la mbegu na pampu za kupulizia dawa pale karibu na gulio, nyumba yake iko nyuma ya duka, na asubuhi yake ua ulijaa. Kopo lilikuwa juu ya meza ndogo, limefunikwa kitambaa cheupe, na watu walikuwa wamekaa mbali nalo kwa nusu duara kana kwamba linatoa joto. Katekista alisema alimpigia Padri simu, na Padri akasema Kanisa halikatai tena mtu kuchomwa, ila majivu yasitawanywe, yawekwe mahali patakatifu kama mwili. Watu wengi walikuwa hawajawahi kusikia jambo hilo. Mmoja akauliza kwa nini basi mtu aliyeishi na mkewe vizuri amchome moto. Kwetu, akasema, anayechomwa ni mwizi aliyekamatwa.

Abeid alisita kulitafsiri. Mzee akamsihi amtafsirie, na alipolisikia akainamisha kichwa, mabega yakamcheza. Baadhi yetu tuliona aibu.

Benedikto alipotaja kumzika kwenye makaburi ya ukoo, Bibi Regina, mama yake Prisca, ndiye aliyesimama kupinga. Alisema yeye hana ugomvi na mgeni, apewe chai, apewe kitanda, lakini mtu aliyepitia motoni asiingizwe kwenye udongo wa ukoo wao, kwani nani anajua anakuja na nini. Na zaidi ya hayo, makaburi yale ni ya watu wa lukolo lao, yaani ukoo wa upande wa mama, waliozaliwa na mama wa ukoo ule. Huyu amezaliwa na nani? Ana nani hapa?

Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Hata Benedikto, ambaye uso wake ulionyesha angependa kusaidia, alikubali kwamba ardhi hiyo haiwezi kumpokea mtu asiye na ndugu. Alisema wosia una nguvu, lakini udongo nao una masharti. Abeid akamtafsiria mzee, naye akaanza kuinuka, akisema anaelewa, hataki kuleta mtafaruku.

Ndipo Prisca akasema, akiwa amekaa pale pale kwenye mkeka, bila kuinua sauti:

"Ana mimi. Nimembeba kichwani, nikamlalia usiku kucha, nikamshusha mgongoni. Huyu ni dada yangu."

Mama yake alimtazama kama amempiga kofi. Ukisema mtu ni dada yako, kwetu hujasema kwamba unampenda tu. Umesema mama yenu ni mmoja. Yaani Bibi Regina, bila kuulizwa, alikuwa amepewa binti wa Kizungu aliyekwisha kufa. Ua mzima uliguna kwa pamoja. Benedikto alimwuliza mpwa wake kama ameyapima aliyoyasema. Prisca akajibu kuwa ameyapima tangu juu Lukwangule. Bibi Regina akainuka, akajifunga khanga upya, akaondoka pale akaenda nyumbani, na siku tatu hakusema na mwanawe.

Lakini neno lilikuwa limesemwa mbele ya mndewa, na Benedikto alilipokea.

Tulimzika Anneke siku iliyofuata, pembeni mwa makaburi, mahali ambapo ukisimama unauona uwanda kule juu, ukingo wa msitu unapoishia. Kaburi lilichimbwa dogo lakini la kina cha kawaida, kwa kuwa Benedikto alisema mtu ni mtu. Abeid, kama mtani, alifanya kazi ya watani. Lilipokamilika alijitosa ndani, akajikunja, akatangaza kwamba hatoki mpaka wafiwa wamletee jogoo, kwa sababu Waluguru walimdanganya dada wa watu kwamba kwao hakuna baridi. Tulicheka. Mzee Willem aliuliza kinachosemwa, akaelezwa na mtu mwingine kwa Kiingereza cha kuungaunga, naye akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu aje, na kicheko kile kikageuka kilio bila kupumzika katikati. Hakuna aliyemzuia. Wanawake waliitikia kwa vilio vyao, na mimi nililia pia, sijui nilikuwa namlilia nani.

Alikaa nasi hadi matanga yalipoanuliwa. Watu walimletea maharage, ndizi, mkaa. Jambo hilo lilimshangaza kuliko yote; alikuwa akitoka nje ya nyumba ya Benedikto na kukuta debe la viazi na mtu anayemjulia hali kisha anaondoka. Alimwambia Abeid kuwa mkewe alipofariki majirani walituma kadi za pole, wengi wao, nzuri. Alisema alikuwa amepanga kwenda Japani, kwenye njia ya kale ya mahekalu waliyowahi kuitembea pamoja, na konzi ya mwisho. Sasa hakuwa na konzi tena, na hakujua kama magoti yake yana sababu ya kwenda. Prisca alimsindikiza hadi kwenye gari la kwenda Mlali. Hakumpa mkono tu, alimshika kwa mikono miwili, kama shemeji.

Sitasema kwamba kila mtu aliridhika. Kuna ambao hadi leo hawakati majani ya mbuzi karibu na kaburi lile. Prisca mwenyewe alikiri kwangu kuwa kwa wiki nyingi alikuwa akishtuka usingizini na kushika mto. Aliniambia pia kwamba hajui kama alitenda jambo jema au alishtuka tu na kinywa kikafuata. Mama yake alirudi kusema naye, lakini kuhusu dada huyo hakutamka neno.

Mwaka uliofuata, kiangazi, Abeid alikuja tena. Safari hii alikuwa na mwanamke wa Kizungu wa makamo, nywele fupi, hana mzigo wa kupanda mlima. Prisca alikuwa shambani anapalilia kabichi. Abeid alimwita kando kwanza, akiwa amekumbuka la mwaka uliotangulia, akamweleza kila kitu kabla hajamleta mgeni karibu. Huyu ni Saskia, binti wa Willem na Anneke. Miaka yote aliamini majivu ya mama yake yamo kwenye kopo juu ya kabati la baba yake, na kila Krismasi alikuwa akiwasha mshumaa mbele ya kopo ambalo, kumbe, baba alikuwa akichota majivu humo kila safari, na mwisho likabaki tupu. Baba hakumwambia wosia ule, kwa sababu mama aliogopa binti angekataa. Alimwambia aliporudi kutoka huku. Walikosana vibaya, miezi hawakusemezana.

Prisca aliliachia jembe. Alisema kushtuka kwake kwa siku ile kulikuwa kwa namna nyingine. Alijiona yeye na mjomba wake na kijiji kizima wamemzika mtu na mwanawe hajui. Alitaka kuomba radhi na hakujua aanzie wapi. Akampeleka Saskia kaburini.

Kaburi lilikuwa limefyekwa. Siku ya marehemu wote, Novemba, Prisca alilisafisha pamoja na mengine ya ukoo, akaweka msalaba wa mti wenye jina. Saskia alisimama akalisoma jina la mama yake lililochongwa na fundi wa Nyandira, herufi moja ikiwa imekosewa. Alikaa chini. Alikaa muda mrefu akiokota vijiti vidogo vilivyoanguka juu ya udongo na kuviweka pembeni. Kisha akamwambia Abeid jambo, na Abeid akakohoa kabla ya kulitafsiri.

"Anasema alikuja akiwa na hasira. Anasema amekwenda Uhispania kutazama bahari, akaona maji tu. Hapa ndipo mahali pa kwanza alipomkuta mama yake."

Abeid alikuwa ameshamweleza Saskia njiani jinsi mambo yalivyokuwa, kwamba aliyembeba mama yake alimtangaza kuwa dada, na kwamba kwa desturi dada wa mama humwiti kwa jina. Saskia aliinuka, akapangusa suruali, akamgeukia Prisca na kutamka kwa Kiswahili alichokuwa amekariri, neno moja moja:

"Asante, mama mdogo."

Prisca aliniambia alihisi kama siku ile Lukwangule, ganzi ile ile kutoka shingoni, ila safari hii haikuwa na ubaridi. Alimtazama mtu mzima huyu, mrefu kumzidi, mwenye macho ya buluu yaliyovimba, akaona kuwa alipojipa dada hakufikiria kwamba dada huwa na watoto. Akamshika mkono, akateremka naye kwenye matuta hadi nyumbani, ambako Bibi Regina alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage.

"Mama," Prisca akasema, "mjukuu wako amekuja."

Saskia akainama kama alivyoelekezwa, akatoa shikamoo yake. Bibi Regina aliendelea kuchambua. Alichambua konzi nzima ya maharage, akapeperusha maganda kwa pumzi, sisi sote, pamoja na majirani tuliokuja kumwona mgeni, tumesimama. Kisha, bila kumtazama Prisca, akasogea kidogo kwenye mkeka wake ili pawe na nafasi.

"Marahaba," akasema. "Kaa, mwanangu. Hawa wanakusimamisha juani tu."

Saskia alikaa wiki nzima. Tulimfundisha kumenya njegere. Hakuwa mwepesi, lakini hakuchoka.